Pimeni Ardhi Kabla ya Kutuletea Miche

Barua ya wazi kwa Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, kwa Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS), na kwa kila kundi linalopanda miti Eastlands

Waheshimiwa,

Kila msimu wa mvua mnatuletea miche. Malori yanateremka Jogoo Road yamejaa migrivelea na mijakaranda michanga, hotuba zinatolewa, picha zinapigwa, na mashimo yanachimbwa Kaloleni, Maringo, Umoja, Kayole, Dandora na kando ya Outer Ring Road. Kiangazi kikifika majani yanaanza kukauka kutoka nchani, na mwaka unaofuata tunapanda tena palepale. Lawama hutuangukia sisi wakazi: hatukumwagilia, tuliwaachia mbuzi wakala, watoto wetu waling'oa. Sehemu ya lawama hizo ni kweli. Ila kuna sababu nyingine, kubwa kuliko mbuzi, ambayo sijaisikia ikitajwa katika hotuba hata moja. Ardhi ya Eastlands imeshindiliwa, na mzizi hauna pa kupita. Ninawaomba, kabla ya kuleta mche mwingine, mpime ardhi.

Ushindiliaji wa udongo ndio uliokuwa kazi yangu. Kabla ya kustaafu nilikuwa fundi wa maabara ya udongo kwenye ujenzi wa barabara. Rola ikishapita, sisi ndio tuliofuata nyuma na vifaa vyetu kuhakikisha kwamba udongo umebana kama mkataba unavyotaka. Kwa kawaida ulitakiwa ufikie asilimia 95 au zaidi ya kiwango cha juu kilichopatikana maabara. Ukipungua, mkandarasi anarudia. Msingi wa kazi hiyo uliwekwa na Ralph Proctor, mhandisi wa Marekani, ambaye mwaka 1933 alionyesha kwamba kila udongo una kiasi chake cha unyevu ambacho, ukiupiga ukiwa nacho, hubana kuliko wakati mwingine wowote. Ukiwa mkavu sana chembe hukataa kusogeleana. Ukiwa umelowa chapachapa maji hujaa katika matundu na kuzuia. Hapo katikati, ukiwa na unyevu wa wastani, ndipo hubana kabisa.

Kwa barabara hilo ni jambo jema. Kwa mti ni kifungo. Na jiji hili limekuwa likipima ushindiliaji kwa bidii kila linapotaka udongo ubane, bila kuupima pale linapotaka udongo upumue. Vifaa ni vilevile. Watu wanaojua kuvitumia wapo. Maabara kuu ya kupima vifaa vya ujenzi ya wizara inayosimamia barabara iko Machakos Road, Industrial Area, mwendo mfupi tu kutoka Makongeni na Kaloleni. Kinachokosekana ni mtu wa miti kumwomba mtu wa barabara chombo chake.

Nieleze kinachompata mzizi, kwa sababu bila kukielewa hicho mengine yote yataonekana ni mapendekezo ya mzee asiye na kazi.

Udongo wenye afya, karibu nusu ya ujazo wake ni nafasi tupu. Matundu madogo hushika maji, makubwa hupitisha hewa na kuyaruhusu maji ya mvua yazame. Ncha ya mzizi ni laini. Hutafuta upenyo, na isipoupata husukuma chembe kando kwa nguvu ya seli zake zinazorefuka. Nguvu hiyo ina kikomo. Ukinzani wa udongo tunaupima kwa megapaskali, yaani nguvu inayohitajika kuipenyeza koni ya chuma ardhini, tukigawanya kwa eneo la kitako cha koni hiyo. Ukinzani ukifika megapaskali 2, mizizi ya mimea mingi hukaribia kusimama. Hizo ni kama kilo 20 zinazobonyeza eneo la sentimita moja ya mraba. Kabla ya kufika hapo mzizi umeshaanza kupunguza mwendo, unanenepa na kupinda, na vimizizi vidogo vinavyofyonza maji na chakula vinapungua.

Udongo ukishindiliwa, matundu makubwa ndiyo hutangulia kuziba. Hewa haiingii vizuri, na mzizi unapumua kama kiumbe kingine chochote. Nafasi ya hewa ikishuka chini ya takriban asilimia 10 ya ujazo wa udongo, mizizi ya miti mingi huanza kudhoofika. Kuna jambo jingine ambalo wanasayansi walilieleza katika jarida la Science mwaka 2021. Mizizi hutoa gesi iitwayo ethilini. Katika udongo uliolegea gesi hiyo hupotelea kwenye matundu. Katika udongo uliobana hukwama kandokando ya mzizi, na mkusanyiko wake huwa ishara ya kusimamisha ukuaji. Walipochunguza mpunga usioweza kuisikia ishara hiyo, mizizi yake ilipenya udongo mgumu kuliko mizizi ya mpunga wa kawaida. Maana yake ni kwamba mara nyingi mmea huacha kusukuma kabla nguvu zake hazijaisha, kwa kuwa umetambua kuwa umezingirwa.

Njia ya pili ya kupima ni kutazama uzito. Unapigilia pete ya chuma yenye ujazo unaoujua, tuseme sentimita 100 za ujazo, unautoa udongo bila kuubomoa, unaukausha kwenye tanuri la nyuzi 105 kwa siku nzima, kisha unaupima. Gramu ukizigawa kwa ujazo unapata jibu. Udongo wa mfinyanzi ukiwa na gramu 1.1 kwa kila sentimita ya ujazo, au chini ya hapo, mizizi inajinafasi. Ukikaribia 1.4 mizizi inaumia. Ukielekea 1.5 mlango umefungwa. Udongo wa kichanga ni habari nyingine, kwa sababu hata ukiwa na gramu 1.6 mizizi bado hupita. Kwa hiyo asije mtu ofisini akaandika nambari moja na kuitumia Nairobi nzima.

Wenye misitu wameyajua haya zamani. Trekta la kuvutia magogo likipita mara chache tu kwenye udongo wenye unyevu, sehemu kubwa ya madhara huwa imeshatokea, na inaweza kuchukua miongo kadhaa ardhi kurudi ilivyokuwa. Huduma ya Misitu ya Marekani imekuwa ikiendesha majaribio ya muda mrefu juu ya jambo hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na majibu yake yanafundisha subira: kwenye mfinyanzi miti michanga ilidhurika, lakini kwenye baadhi ya udongo wa kichanga ushindiliaji kidogo uliisaidia, kwa sababu udongo uliweza kushika maji zaidi. Hapa kwetu marufuku ya kukata miti iliyowekwa mwaka 2018 iliondolewa mwaka 2023, na mashine nzito zimerudi katika mashamba ya misonobari na misaiprasi. KFS wana sababu yao wenyewe, huko huko msituni, ya kununua penetromita, kifaa cha kupimia ukinzani wa udongo. Mimi nawavuta mtaani.

Eastlands ina historia yake ya udongo, na historia hiyo haikuandikwa na mvua. Wakoloni walipougawa mji walijiwekea magharibi na kaskazini, kwenye miinuko ya udongo mwekundu wenye kina, ambao maji huzama na mzizi hushuka mita baada ya mita. Waafrika wakapangwa mashariki, kwenye tambarare za udongo mweusi: Pumwani miaka ya 1920, Kaloleni miaka ya 1940, kisha Maringo, Jericho, na baada ya uhuru Buruburu, Umoja na Dandora. Mtu akiniambia kwamba Lavington kuna kivuli kwa sababu watu wa kule wanapenda miti kuliko sisi, namwomba achimbe shimo huku na shimo kule, kisha tuzungumze.

Udongo mweusi, ule wahandisi wanaouita wa pamba, huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hadi nyufa zinameza mguu wa mtoto. Peke yake unaweza kulea miti. Migunga imeishi nao katika tambarare za Athi tangu zamani, na kule kuvimba na kupasuka huulegeza kwa kiasi fulani. Tatizo ni yale tuliyoufanyia. Kila penye barabara au nyumba, udongo mweusi ulichotwa ukatupwa, pakajazwa muramu na kushindiliwa. Penye mabomba pamefukiwa vifusi. Penye uwazi kati ya nyumba magari yanaegeshwa, na tairi la gari dogo hubonyeza ardhi kwa takriban kilopaskali 200. Ng'ombe wanaoletwa mjini wakati wa ukame, kwato zao hazina tofauti kubwa na tairi hilo. Mikokoteni inapita, pikipiki zinageuzia, maji ya kuoshea magari yanamwagwa palepale na kuupa udongo unyevu ambao Proctor angeuchagua. Na juu ya yote kuna miguu yetu. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta zaidi ya watu 68,000 katika kila kilomita ya mraba ya Mathare. Ardhi inayokanyagwa na umati kama huo, asubuhi na jioni, hubana bila rola.

Hapo ndipo linapojibiwa swali ambalo wengi huniuliza: mbona miti mikubwa ya Kaloleni imesimama na miche haishiki? Ile mikubwa ilishusha mizizi wakati ardhi ingali wazi. Ilipata njia kabla njia hazijazibwa, na sasa inaishi kwa mizizi ya zamani. Mche wa leo unapewa ardhi tofauti kabisa, ijapokuwa ni hatua chache kutoka kwenye shina la mti ule. Kwa hiyo mti mkubwa ulio karibu hauthibitishi kwamba mahali hapo panafaa kupandwa, na kila mti mkubwa tunaoukata leo kwa ajili ya ukuta au kibanda hatuwezi kuurudisha kwa mche wa shilingi hamsini.

Sasa nizungumzie Kamukunji, kwa sababu hapo mambo yote haya yanakutana. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari Maathai na wenzake waliandamana hadi uwanja wa Kamukunji wakapanda miti saba kwa heshima ya mashujaa saba wa jamii mbalimbali za Kenya, miongoni mwao Mekatilili wa Menza na Wangu wa Makeri. Mwanzo wa Green Belt Movement, vuguvugu lililokuja kujulikana dunia nzima, ulikuwa hapa Eastlands. Uwanja huohuo ndio uwanja wa mikutano ya hadhara. Uliwapokea waliodai uhuru. Ndio waliouendea waliodai vyama vingi tarehe 7 Julai 1990, Saba Saba, wakakabiliwa na polisi. Siku za kawaida unapokea mpira, mahubiri na wafanyabiashara wanaovuka kwenda soko la Gikomba na kurudi. Hakuna ardhi Nairobi iliyobeba miguu mingi kuliko hiyo kwa sababu njema kuliko hizo, na siombi miguu hiyo izuiwe. Ninaomba tuujue uwanja huo ulivyo kabla ya kuuchimba mashimo. Nimeichoma ardhi ya pale kwa nondo. Pembezoni, karibu na shina la mti wa zamani uliozungushiwa vizuizi, nondo ilizama kwa uzito wa mikono. Kwenye njia inayoelekea sokoni iligoma kabla ya kufika urefu wa kiganja.

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa siku ya mapumziko ili tupande miti milioni 100 nchi nzima, sehemu ya lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Nilifurahi, na bado nalifurahia lengo lenyewe. Tarehe 10 Mei 2024 tulipanda tena, tukiwaomboleza waliouawa na mafuriko. Siku zote mbili ardhi ilikuwa imelowa. Kwenye udongo mweusi, siku kama hizo ndizo mbaya kuliko zote za kuingiza mamia ya watu uwanjani na kuchimba kwa jembe. Makali ya jembe hulainisha kuta za shimo hadi zinang'aa. Kuta hizo zikikauka zinakuwa ngumu, na mche unabaki kama uliopandwa ndani ya chungu kilichozikwa: mizizi inazunguka humo humo, maji ya mvua yanajaa yasipate pa kutokea, mizizi inazama majini, na jua likija chungu kinakauka chote na hakuna mzizi uliotoka nje kutafuta unyevu. Mkazi anaambiwa hakumwagilia. Hata angemwagilia kila jioni, angekuwa anajaza chungu.

Mafuriko yenyewe yana uhusiano na jambo hili. Maji yaliyoingia nyumbani mwa watu kando ya Mto Mathare na kwingineko mwaka 2024 hayakutoka mtoni peke yake. Mengine yalitiririka kutoka kwenye viwanja na nyua ambazo zamani zilikuwa zikiyanywa. Ardhi iliyobana huyaacha maji yapite juu yake kama saruji, na tofauti ni kwamba yanabeba matope. Tukiifungua ardhi kwa ajili ya mti tumeifungua kwa ajili ya maji pia.

Kupima hakuhitaji wafadhili. Chombo cha barabara ninachokisema ni fimbo ya chuma yenye koni nchani na nyundo ya kilo 8 inayoangushwa kutoka kimo cha sentimita 57.5. Unahesabu koni inashuka milimita ngapi kwa kila pigo. Hakitupi megapaskali moja kwa moja, lakini kinaonyesha waziwazi tabaka gumu linaanza wapi na linaishia wapi, na hilo ndilo mpandaji anataka kulijua: je, ugumu uko juu tu, sentimita 20 ambazo sururu italimaliza, au umeshuka hadi nusu mita? Penetromita ya wakulima, yenye koni nyembamba inayosukumwa polepole kwa mkono, hutoa megapaskali zenyewe, na taasisi za utafiti kama KEFRI kule Muguga na KALRO kule Kabete zinaweza kusaidia kuitumia na kuisoma. Mtaani penyewe, kipande cha nondo na kopo la bati lililotobolewa pande zote mbili vinatosha kwa hatua ya kwanza. Nondo inaonyesha ugumu. Kopo unalipigilia kidogo ardhini, unalijaza maji, unatazama saa. Maji yakibaki yametuama hadi umechoka kusubiri, mizizi nayo itasubiri.

Yapo masharti, na hapa ndipo wasiojua huharibu kipimo. Udongo wa mfinyanzi ukikauka huwa mgumu hata kama haujashindiliwa, kwa hiyo ukipima Februari utailaani ardhi yote. Pima siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, udongo ukiwa umelowa hadi chini na maji ya ziada yameshatoka, na uandike unyevu ulivyokuwa. Usipime ndani ya ufa, koni itatumbukia na utadhani umepata bustani. Usipime mahali pamoja. Pima njiani, kando ya njia, chini ya mti, karibu na ukuta, na kila mara utafute kipande cha kulinganishia, kwa mfano ua wa kanisa au wa shule ambao haujakanyagwa. Koni ikigonga jiwe, hilo ni jiwe, si ushindiliaji. Na mahali penye shaka, piga pete upime uzito, maana ugumu na uzito vikisema jambo moja hakuna tena mabishano.

Kutokana na hayo kalenda ya upandaji Eastlands inabidi ibadilike. Pimeni mvua ndefu inapoelekea ukingoni mwezi Mei, ardhi ikiwa na unyevu. Chimbeni na kulegeza kuanzia Julai hadi Septemba, udongo mweusi ukiwa mkavu na unavunjika badala ya kunata. Pandeni mvua fupi ikianza. Leo kazi zote tatu, ikiwa ya kwanza inafanywa kabisa, zinabanwa katika asubuhi moja ya matope.

Shimo nalo libadilike. Tumezoea shimo jembamba na refu, upana wa jembe. Mizizi mingi ya mti huenda pembeni, katika nusu mita ya juu, kwa hiyo ardhi ilegezwe kwa upana kuliko kina, kuta zake zikwaruzwe kwa uma, na penye maji yanayotuama mche uinuliwe juu ya tuta. Samadi na mboji si haba kwetu. Taka za mboga za Marikiti na za soko la Kangundo Road zinaoza bure hadi zinakuwa kero, ilhali zikiozeshwa vizuri zikachanganywa na udongo uliovunjwa, minyoo na wadudu wataendeleza kazi ya kulegeza baada yetu. Jiji la Stockholm, Uswidi, limefika mbali zaidi: kwenye barabara zake hulaza mawe makubwa chini ya lami na kujaza mapengo kwa makaa yaliyochanganywa na mboji, ili magari yapite juu na mizizi ipite katikati. Wazo lao la makaa hayo lilishinda tuzo ya Bloomberg mwaka 2014. Sisi tuna mabaki ya mawe ya machimbo ya Njiru na chenga za makaa kila mtaa. Sidai kwamba tunaweza kufanya hivyo Kayole yote. Mtaa mmoja tunaweza, na tungejifunza mengi.

Kuhusu ujenzi nitasema kwa ukali kidogo. Mitaa yetu ya zamani iko katika mipango ya kubomolewa na kujengwa upya kwa nyumba za bei nafuu. Kila mchoro ninaouona una miti ya kijani kibichi kati ya maghorofa. Mashine za kuchimba na malori ya kokoto zitakanyaga kila inchi ya viwanja hivyo kwa miaka, na siku ya kukabidhi ufunguo mtu ataleta majani ya kupandikiza na miche, atandaze sentimita chache za udongo mwekundu juu ya ardhi iliyobana kama sakafu, aondoke. Miti ya kwenye mchoro haitakuwepo. Dawa yake iko kwenye mkataba: sehemu itakayopandwa miti izungushiwe ua kabla ya mashine ya kwanza kuingia, isikanyagwe, isiwekwe mchanga wala saruji; na pasipowezekana, mkandarasi apime na kulegeza kabla ya kulipwa malipo ya mwisho. Kama tunavyomkatalia barabara isiyobana, tumkatalie bustani iliyobana. Fundi anayepima lami yake Jumatatu anaweza kupima bustani yake Jumanne.

Wapo watakaosema kwamba watu wa Eastlands watakanyaga tena hata mkilegeza. Watakanyaga, kwa kuwa wanaenda kazini, sokoni na shuleni, na ardhi ni yao. Njia za mkato zilizochorwa na miguu yao ni taarifa mliyopewa bila malipo. Zihesabuni kuwa njia, ziwekeeni mawe, na miti muipande pembeni yake katika vipande vilivyolegezwa na kuzungushiwa vizuizi vya chini. Mti mmoja katika ardhi iliyofunguliwa ni bora kuliko ishirini kwenye mashimo ya jembe, hata kama taarifa ya jioni itataja mmoja.

Na taarifa hizo nazo zirekebishwe. Programu ya JazaMiti inapokea idadi ya miche iliyopandwa na mahali ilipopandwa. Iongezewe mambo mawili: nondo ilizama kina gani siku ya kupima, na mti uko hai au umekufa baada ya mwaka mmoja na baada ya mitatu. Vijana wa Climate WorX, ambao tangu mwaka 2024 wamekuwa wakisafisha mito yetu, wanaweza kufundishwa kupima na kulegeza. Hiyo ni kazi ya mikono na ya akili, na inamwachia kijana ujuzi ambao mkandarasi wa barabara pia anaulipia.

Ombi langu la kwanza si kubwa. Mwishoni mwa Mei ijayo, siku mbili baada ya mvua nzuri, tukutane Kamukunji. Kaunti ilete ramani ya mahali inapotaka kupanda. KFS ilete mtu mwenye daftari. Chombo cha kupigia kiazimwe kutoka Machakos Road kwa siku moja. Vijana wa Shauri Moyo na Majengo watakuja na nondo na sururu, na mimi nitakuja na pete na mizani. Tutapima kuanzia njia ya Gikomba hadi kwenye miti ya zamani, tuchore ramani ya ardhi iliyofunguka na iliyofungwa, na tuibandike ukutani mahali ambapo kila mwananchi anaweza kuisoma kabla mche wowote haujaletwa.

Wenu,

Fundi mstaafu wa maabara ya udongo,
Jericho, Nairobi